Ipi Itangulie? Ugomvi wa Pakeji Ndani ya Linux

Mwezi Novemba 2021 Mkanada aitwaye Linus Sebastian, mwenye chaneli ya YouTube inayotazamwa na mamilioni, alikaa mbele ya kamera kutaka kuthibitisha jambo moja: kwamba mpenzi wa michezo ya kompyuta anaweza kuiaga Windows na kuhamia Linux bila kuumia. (Msikilizaji asimchanganye na Linus Torvalds, Mfini aliyeanzisha Linux yenyewe mwaka 1991. Majina yamegongana tu.) Sebastian alichagua Linux ya aina ya Pop!_OS, akataka kuweka programu moja tu, Steam, lile duka la michezo. Njia ya kubofya ilimkatalia. Akafungua terminali, akaandika amri kwa mkono, na mashine ikamjibu kwa maelezo marefu: pakeji kadhaa za lazima zitaondolewa, jambo hili lisifanywe na mtu asiyejua anachofanya, na akishikilia msimamo wake basi aandike sentensi nzima ya kukiri, kwa maana ya "Ndiyo, fanya nisemavyo!" Akaiandika. Baada ya muda mfupi madirisha, menyu na aikoni vyote vilikuwa vimetoweka, amebaki na kioo cheusi chenye maandishi.

Watu walicheka sana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu hapa alikuwa ameonya kwa maandishi. Lakini kicheko hakijibu swali lenyewe: inakuwaje kuingiza duka la michezo kukalazimu kung'oa sura yote ya kompyuta?

Jibu linaanzia kwenye neno pakeji. Kwenye Linux programu haziji kama zinavyokuja kwenye Windows, kila moja na mizigo yake yote mgongoni. Zinakuja kwa pakeji, yaani mafurushi madogo madogo yanayochukuliwa kutoka ghala moja kubwa la mtandaoni, na kila furushi lina karatasi yake ya maelezo: jina langu ni hili, toleo langu ni hili, siwezi kufanya kazi bila fulani, na siwezi kukaa nyumba moja na fulani. Linux iliyokusanywa na kugawiwa kwa namna hii huitwa distro. Debian, mojawapo ya distro kongwe, ilianzishwa Agosti 1993 na Ian Murdock, na toleo lake la 13, lililotoka Agosti 9, 2025, lina pakeji 69,830. Ubuntu imejengwa juu ya Debian, na Pop!_OS imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo kosa dogo likitokea ngazi moja huenda likaonekana ngazi nyingine kabisa.

Wakati huo Steam ilikuwa programu ya biti 32, na ilihitaji maktaba za biti 32. Maktaba, kwa lugha ya wanaprogramu, ni faili la kazi za pamoja ambalo programu nyingi huliazima badala ya kila moja kuandika lake. Debian na watoto wake wanaruhusu maktaba za biti 32 na za biti 64 zikae pamoja kwenye mashine moja, lakini kwa sharti: maktaba ile ile katika sura zake mbili lazima iwe ya toleo lile lile hasa, si karibu na lile. Kwa mujibu wa maelezo yaliyotolewa baadaye na mhandisi wa Pop!_OS, pakeji moja ya biti 32 ilikuwa haijachapishwa ghalani. Ya biti 64 ipo, mwenzake hayupo. Programu ya apt, ambayo ndiyo msimamizi wa pakeji, ilipoombwa Steam ikaona njia moja tu ya kutimiza ombi: kurudi kwenye toleo la Ubuntu, ambalo lilikuwa na sura zote mbili, na kuondoa kila kilichodai toleo la Pop!_OS. Kilichodai toleo hilo ndicho kilichokuwa kimebeba sura ya kompyuta. Kimantiki apt haikukosea hata hatua moja.

Mwezi ule ule watengenezaji wa apt walibadilisha programu yao. Tangu toleo la 2.3.12, kisuluhishi chake cha ndani, yaani sehemu inayoamua nini kiingie na nini kitoke, hakijaribu tena kuondoa pakeji za lazima ili kumridhisha mtu, na ile sentensi ya kukiri ikaondolewa. Anayetaka kubomoa nyumba yake sasa anatakiwa aseme hivyo waziwazi tangu mwanzo, kwenye amri yenyewe.

Kisa hicho kinahusu swali la kwanza kati ya maswali mawili ambayo kila msimamizi wa pakeji hujiuliza: nini kiingie na nini kitoke? Swali la pili halizungumzwi sana, ingawa ndilo linalowakesha mafundi wa seva: tukishajua kinachoingia na kinachotoka, kipi kitangulie?

Mtu anaweza kudhani mpangilio si jambo kubwa. Faili ni faili, zote zitafika. Ugumu ni kwamba mashine inajibadilisha ikiwa macho. Ile programu inayofungua pakeji mpya inatumia maktaba ambazo zenyewe ziko kwenye foleni ya kubadilishwa. Isitoshe, pakeji nyingi huja na skripti, yaani vijiprogramu vinavyoendeshwa kabla na baada ya faili kuwekwa: kimoja hufungua akaunti ya mtumiaji, kingine huwasha upya huduma ya hifadhidata, kingine hubadilisha muundo wa faili la mipangilio. Skripti hizo zinahitaji lugha ya kuziendesha, mathalani Perl, na Perl nayo ni pakeji kama nyingine. Ikiwa Perl iko nusu ya zamani na nusu mpya wakati skripti inaiita, kazi inasimama pale pale, na mashine inabaki katikati ya mto.

Debian ilitatua sehemu kubwa ya tatizo hili mapema, kwa kuigawa kazi katika hatua mbili. Chini ya apt kuna programu nyingine, dpkg, inayofanya kazi ya mikono. Hatua ya kwanza ni kufungua: faili zinatolewa kwenye furushi na kuwekwa mahali pake. Hatua ya pili ni kusanidi: skripti ya mwisho inaendeshwa na pakeji inatangazwa kuwa tayari. Utegemezi wa kawaida unahusu hatua ya pili tu. Yaani, pakeji inaweza kufunguliwa hata kama tegemeo lake halijafika, lakini haitasanidiwa mpaka tegemeo hilo liwe limesanidiwa. Uhuru huo unaiwezesha apt kufungua pakeji nyingi kwa mkupuo kisha ikarudi kuzisanidi kwa utaratibu.

Kuna utegemezi mkali zaidi, unaodai tegemeo liwe tayari kabisa kabla hata ya furushi kufunguliwa. Sera ya Debian inawataka watunza pakeji wautumie kwa nadra, tena baada ya kushauriana na wenzao, kwa sababu kila unapoongezwa, njia zilizobaki za kupanga foleni zinapungua. Vivyo hivyo kuna uhasama wa namna mbili. Uhasama kamili unakataza pakeji mbili zisifunguliwe pamoja hata kwa dakika moja. Uhasama mwepesi unasema tu kwamba mgeni akiingia, mwenyeji wa toleo la zamani ahesabiwe kuwa ameharibika mpaka apate toleo jipya. Wasiozoea huandika uhasama kamili kila mahali wakidhani wanajihami, kumbe wanaifunga apt mikono yote miwili.

Kupanga foleni kwa kufuata utegemezi ni hesabu inayojulikana siku nyingi. Mwaka 1962 Arthur Kahn alichapisha njia rahisi: chukua wote wasiomsubiri yeyote, waweke mbele, wafute kwenye orodha, kisha tazama tena nani sasa hasubiri mtu, na uendelee hivyo mpaka orodha iishe. Kompyuta inafanya hivyo kwa makumi ya maelfu ya pakeji na mtumiaji asihisi kitu.

Isipokuwa pale orodha inapokataa kuisha. Waliobaki wote wanamsubiri mtu, na wanayemsubiri yumo humo humo. Kila kijana aliyezunguka na vyeti vyake mjini anaujua mkwamo huo: kazi haipatikani bila uzoefu, na uzoefu haupatikani bila kazi. Wanahisabati huuita mzunguko, na kwenye distro mizunguko si ajali ya nadra. Maktaba kuu ya lugha ya C, inayotumiwa na karibu kila programu kwenye mashine, kwa miaka mingi imekuwa ikitegemea kimaktaba kidogo cha kompaila ya GCC, na kimaktaba hicho kinaitegemea maktaba hiyo hiyo kuu. Hakuna aliyefanya uzembe. Ndivyo mambo yalivyo.

Mzunguko lazima ukatwe mahali fulani, na sera ya Debian inasema wapi. Ikiwa ndani ya duara kuna pakeji isiyo na skripti ya kumalizia, dpkg hukata hapo, kwa kuwa pakeji isiyo na cha kuendesha haina cha kuharibika ikisanidiwa mapema. Zote zikiwa na skripti, hakuna dhamana ya mahali duara litakapokatwa. Hapo ndipo mtunza pakeji mwenye busara anapojiuliza kama kweli ile skripti aliihitaji.

Kuna ujumbe mmoja ambao mafundi wengi wa Debian wanaukumbuka kwa uchungu, usemao kwamba haikuwezekana kuisanidi pakeji fulani papo hapo. Apt ina kanuni kwamba pakeji za lazima zisikae zimefunguliwa bila kusanidiwa. Zikifunguliwa tu, zisanidiwe. Mzunguko ukiizuia kanuni hiyo, apt inagoma. Maelezo rasmi ya kupandisha toleo la Debian yamewahi kulizungumzia kosa hili na kuonyesha chaguo la kuilegeza kanuni kwa mara moja. Uzuri wa kosa hili ni kwamba linajitangaza kabla ya madhara. Mabaya zaidi ni yale yasiyojitangaza.

Mfano wake ni kisa cha faili moja dogo, libcrypt.so.1. Faili hili ndilo linalogeuza nywila za watumiaji kuwa ile alama isiyosomeka inayohifadhiwa kwenye mashine. Kwa miaka mingi lilikaa ndani ya pakeji ya maktaba kuu ya C, libc6. Wakati Debian ikielekea toleo la 11, lililotoka Agosti 2021, liliamuliwa faili hili litoke huko na lihamie kwenye pakeji yake, libcrypt1. Uamuzi ulikuwa mzuri: ule msimbo wa zamani ulikuwa umechoka na mpya ulikuwa bora. Karatasi za maelezo ziliandikwa ipasavyo, libc6 mpya ikitamka kwamba inaitegemea libcrypt1.

Lakini libcrypt1 nayo, kama kila maktaba, inaitegemea libc6. Duara. Na kumbuka, utegemezi wa kawaida hausemi chochote kuhusu nani afunguliwe kwanza. Kwenye baadhi ya mashine, hasa zilizorukishwa kutoka toleo la zamani sana, libc6 mpya ilifunguliwa kabla ya libcrypt1. Libc6 ya zamani ikaondoka na libcrypt.so.1 yake. Ile mpya haikuja nalo. Kwa muda ule, faili hilo halikuwepo popote kwenye diski.

Perl inalihitaji faili hilo ili iweze hata kuanza. Perl ikizimika, skripti za pakeji zinazoitegemea zinazimika. Upandishaji unakwama ukiwa umeondoa faili la zamani na haujaweka jipya. Mtu akijaribu kuendelea kwa apt, apt inaita skripti, skripti inaita Perl, Perl inasema haioni libcrypt.so.1. Kibaya zaidi, mfumo unaokagua nywila wakati wa kuingia nao hulitumia faili lile lile. Fundi aliyechanganyikiwa akafunga dirisha lake ili aingie upya kwenye seva iliyo mji mwingine, alikuta mlango hauna kitasa.

Waliobaki na dirisha wazi waliokoka kwa njia ya mkono: walipakua furushi la libcrypt1, wakalifungua bila kulisanidi kwa amri ya dpkg-deb, ambayo haiendeshi skripti yoyote, wakanakili lile faili moja mahali pake, kisha wakaiambia apt irekebishe vilivyovunjika. Perl ikafufuka na foleni ikaendelea. Dawa ya dakika tano, kwa anayeijua. Mwandishi wa mazungumzo haya anaona hapa ndipo penye ukweli wote wa jambo hili: hapakuwa na pakeji iliyokosekana, hapakuwa na toleo lisilolingana, kila karatasi ilisema kweli. Kilichoharibika ni utaratibu wa nani atangulie.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na si wote wanaoamini kwamba kompyuta ndiyo ihangaike na haya. Slackware, iliyoanzishwa na Patrick Volkerding mwaka 1993, mpaka leo zana zake za asili hazifuatilii utegemezi; mwenye mashine anatakiwa ajue mwenyewe nini kinahitaji nini. Red Hat ilileta muundo wa RPM katikati ya miaka ya 1990, nao ulijua kusema "siwezi kuingia bila fulani" lakini haukujua kwenda kumtafuta huyo fulani. Mtumiaji alipakua pakeji moja, akaambiwa anahitaji mbili, akazifuata, akaambiwa anahitaji nne. Waliopitia enzi zile wanaziita jehanamu ya utegemezi. Na kwa aliyekuwa akibeba pakeji kwenye flashi kutoka mgahawa wa intaneti hadi nyumbani kusiko na mtandao, kila jibu la namna hiyo lilikuwa nauli nyingine. Debian ilitoa apt pamoja na toleo lake la 2.1 mwaka 1999. Upande wa RPM ukapata Yum, kazi iliyoongozwa na Seth Vidal pale Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na tangu Fedora 22 ya mwaka 2015 kazi hiyo inafanywa na DNF.

Kuhusu swali la kwanza, lile la nini kiingie, watafiti wa Ulaya waliokuwa kwenye mradi wa EDOS walionyesha katikati ya miaka ya 2000 kwamba kuamua kama pakeji fulani inaweza kuwekwa au la ni tatizo la ugumu ule ule ambao Stephen Cook aliuelezea mwaka 1971: hakuna njia ya mkato inayojulikana ya kulimaliza haraka katika kila hali. Watu wa openSUSE hawakuogopa. Mwaka 2008, kwa toleo la 11.0, waliweka kisuluhishi kinachotumia mbinu za wanahisabati wa mantiki, na DNF ya Fedora hutumia maktaba iliyotokana na kazi hiyo. Apt ilichelewa. Kisuluhishi chake cha zamani kilikuwa kinakisia kwa kupima alama, na kikikisia vibaya mwanzoni kilikuwa hakirudi nyuma vya kutosha. Kisuluhishi kipya, kinachojua kurudi nyuma na kujaribu njia nyingine, kilikuja na apt 3.0 mwezi Aprili 2025.

Tofauti hiyo si ya wasomi tu. Ujumbe mashuhuri wa apt, ule unaomlaumu mtumiaji kwamba ameshikilia pakeji zilizovunjika, mara nyingi ulimkuta mtu ambaye hajashikilia chochote. Kisuluhishi kilikuwa kimeshindwa kuiona njia, kikarusha lawama.

Sasa tuje kwenye kazi kubwa ya upangaji kuliko zote za miaka ya karibuni, nayo inahusu saa. Mifumo ya jamii ya Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Kwenye mashine za biti 32 hesabu hiyo iliwekwa kwenye kisanduku kinachojaa kikifika 2,147,483,647. Kitajaa Januari 19, 2038, na kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa asubuhi, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani iko mwaka 1901.

Dawa inajulikana: kisanduku kipanuliwe kiwe cha biti 64. Lakini kisanduku hicho kimo ndani ya mamia ya maktaba, na ukubwa wake ni sehemu ya makubaliano kati ya maktaba na programu zinazoiazima. Programu ya zamani ikikutana na maktaba mpya itasoma kumbukumbu kwa vipimo visivyo sahihi, na haitasema kitu. Itatoa majibu ya uongo au itaanguka. Kwa hiyo haiwezekani kubadilisha maktaba leo na programu wiki ijayo. Debian ilianza kuusukuma mzigo huu kwenye ghala lake la majaribio mwishoni mwa Februari 2024, na mbinu yake ilikuwa kubadilisha majina. Maktaba iliyoguswa iliongezewa alama ya t64 mwishoni mwa jina, kwa mfano libssl3 ikawa libssl3t64. Jina likibadilika, apt haiwezi kuzichanganya ya zamani na mpya kwa bahati mbaya.

Hila nzuri imo kwenye tofauti ya mashine. Kwenye biti 64 kisanduku kilikuwa kikubwa tangu awali, hakuna kilichovunjika, hivyo pakeji yenye jina jipya iliruhusiwa kutamka kwamba inatoa pia jina la zamani. Programu zilizoomba kwa jina la zamani zikapewa bila ugomvi. Kwenye biti 32 za ARM, zile zinazoendesha vifaa vidogo vingi, ruhusa hiyo haikutolewa, na kila mtegemezi alilazimika kujengwa upya. Kwa wiki kadhaa ghala la majaribio lilikuwa uwanja wa mkwamo: pakeji hii haiwekeki mpaka ile ijengwe, ile haijengeki mpaka hii iwekeke. Baadhi ya mizunguko ya ujenzi ilibidi ikatwe kwa mikono ya watu, kwa kujenga kwanza toleo pungufu la pakeji, lisilo na baadhi ya vipengele, lipate kuwajenga wenzake.

Katikati ya heka heka hizo, Machi 29, 2024, mhandisi wa programu Andres Freund akafichua kwamba mtu alikuwa amepandikiza mlango wa siri kwenye zana za kubana faili ziitwazo xz. Dpkg yenyewe hufungua mafurushi kwa maktaba ya xz. Ubuntu, iliyokuwa ikibeba mabadiliko yale yale ya t64 kwa ajili ya toleo la 24.04, iliamua kujenga upya pakeji zote zilizojengwa tangu msimbo ule mbovu uingie, na toleo la majaribio likachelewa kwa wiki moja. Toleo kamili likatoka Aprili 25 kama lilivyopangwa, jambo ambalo linastahili pongezi kuliko lilivyopewa.

Tukirudi kwenye saa, mashine za biti 32 za jamii ya Intel hazikuguswa na mabadiliko ya t64. Debian iliamua ziachwe na saa yao ya zamani, kwa kuwa kazi yao iliyobaki ni kuendesha programu kongwe ambazo hakuna wa kuzijenga upya, michezo ya kale ikiwamo. Uamuzi huo una mantiki, ingawa unamaanisha kwamba mwenye mashine hiyo anayo tarehe ya mwisho.

Wapo walioamua kuukwepa ugomvi wote. Eelco Dolstra, kwenye tasnifu yake ya mwaka 2006 pale Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, alieleza mfumo wa Nix, ambao kila pakeji hukaa kwenye folda yake yenye jina lililokokotolewa kutokana na kila kilichoijenga. Matoleo mawili ya maktaba moja hukaa jirani bila kukanyagana, na toleo jipya halifuti la zamani. Mtu akikwama anarudi alikotoka. Flatpak na Snap zimechukua njia nyingine, ya kubeba sehemu kubwa ya utegemezi pamoja na programu. Gharama yake ni nafasi ya diski na data ya kupakua, na kwa anayenunua data kwa megabaiti gharama hiyo si ndogo. Kwa seva ya ofisi au maabara ya shule, distro ya kawaida yenye ghala moja bado ni chaguo la busara, mradi ghala liwe moja kweli. Ugomvi mwingi wa pakeji unaoonekana kwenye mashine za watu hautoki kwa distro. Unatoka kwenye maghala ya nje yaliyoongezwa ili kupata toleo jipya la programu moja. Watu wa Debian wana jina la mzaha kwa mashine ya namna hiyo, FrankenDebian.

Kwa anayesimamia mashine, mambo machache yanatosha. Kabla ya kupandisha toleo, iambie apt ifanye maigizo tu kwa chaguo la -s, kisha soma sehemu ya pakeji zitakazoondolewa kabla ya kusoma zitakazoingia. Usiruke matoleo, Debian inakubali kupanda ngazi moja moja tu, na kisa cha libcrypt kinaonyesha sababu. Kama seva iko mbali, fungua madirisha mawili, na la pili usilifunge mpaka umehakikisha unaweza kuingia upya. Kazi ikikatika katikati, amri ya kwanza ni dpkg --configure -a, inayomalizia kusanidi vilivyofunguliwa, na ya pili ni apt --fix-broken install. Kulazimisha kwa nguvu kuje mwisho kabisa.

Debian ina zana iitwayo piuparts inayojaribu kuweka, kupandisha na kuondoa pakeji moja baada ya nyingine, lakini inafanya hivyo kwenye mazingira safi, wakati mashine za watu zina miaka kumi ya historia ndani yake. Mpangilio uliokwama kwenye mashine ya Mwanza au Mombasa huenda haujawahi kuonekana kwingine. Kwa hiyo, msikilizaji, ukikwama, kabla hujafuta kila kitu na kuanza upya, chukua faili la /var/log/dpkg.log na yaliyomo kwenye /var/log/apt, uripoti kosa kwa watunza pakeji. Humo mna orodha ya nani alifunguliwa lini na nani alifuata, na hiyo ndiyo taarifa wanayoihitaji kurekebisha foleni.